Nusu Dola Kumi na Mbili

Jumanne ya pili ya kila mwezi, chini ya kanisa la Walutheri
mjini Duluth, tunakaa kwenye viti vya chuma vya kukunja,
wazee tisa na binti mmoja wa miaka kumi na sita,
kila mtu na lenzi yake, kila mtu na kidonda chake.

Clifford alijaza gari petroli, mwaka wa sitini na saba,
kwa sarafu za fedha tupu. "Galoni nane," husema,
"na gari lenyewe lilishaliwa na kutu."
Bi Ardis aliitumbukiza senti yake
ya mwaka ambao hapa hautajwi kwa sauti ya juu
kwenye mashine ya chingamu, akapewa kidonge cha kijani.
Hata rangi aipendayo hakuipata.

Tunacheka. Kisha tunanyamaza, tukikoroga kahawa
isiyo na sukari.

Zamu yangu ikifika, husema, "Nirukeni."

Majuto ni mjukuu, walisema waliosema.
Mimi nina wajukuu wanne
na majuto yangu yamewazidi wote umri.

Baba alipakia mawe ya chuma kwenye meli za ziwa.
Kila Ijumaa alikaa mezani, kofia bado kichwani,
akichambua chenji kama mchele.
Zilizomfaa ziliingia kwenye mtungi wa kioo
uliowahi kukaa samaki wa siki, na harufu haikutoka.
Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilitia mkono humo,
nikachota kumi na mbili:
zile zenye mwanamke anayetembea kulifuata jua,
mkono kaunyoosha, nguo inapepea,
na tangu vita ya kwanza hajafika.

Nilizipeleka kwa Bi Gunvor, mwenye ukumbi wa michezo,
anivunjie senti kumikumi
nizilishe mashine ya gololi na taa.
Aliigeuza ya kwanza. Akaigeuza tena.
Akanitazama.
Droo ya pesa ilikuwa wazi mbele yake,
lakini aliitia mfukoni mwa aproni.
Zote kumi na mbili, aproni.
Ningekuwa na macho, ningeona pale pale.

Dola sita. Nilicheza hadi vidole vikanuka chuma.
Alama zangu za juu: elfu arobaini na moja, mia mbili.
Nazo zilifutika usiku, waya ulipochomolewa.

Baba hakusema neno. Mtungi ulirudi kujaa polepole
nami nikajiambia: hakuona.

Alipokufa, dada yangu Lempi alichukua saa na bunduki,
mimi nikachukua mtungi. Chini yake palikuwa na daftari.
Mali bila daftari huisha bila habari,
lakini yake ilikuwa na daftari,
mistari imenyooka kama reli:
mwaka, alama ya kiwanda, hali, siku aliyoipata.
Kwenye mistari kumi na miwili, kwa penseli: *imetumika*.
Tarehe ni ya kesho yake, Jumapili.
Hakuandika imetumiwa na nani.

Nimeshanunua kumi na moja, mwaka kwa mwaka,
kwa bei ambazo mke wangu hazijui na asizijue.
Ya kumi na mbili nimeikuta mara nyingi tu,
Chicago, Fargo, kwenye sinia za velveti nyekundu.
Siinunui. Daftari linasema:
*mkwaruzo mwembamba shingoni, wa kisu.*
Basi nainamisha kila shingo kwenye taa,
muuzaji anakohoa,
naomba radhi, nairudisha.

Jumanne iliyopita yule binti, Sunniva,
aliniuliza bila kuinua macho kwenye lenzi yake:
"Na ukiipata, utaifanya nini?"

Nilifungua kinywa.
Kahawa ilikuwa imepoa.
"Niruke," nikamwambia.